Laki mbili za Singida: kisa cha bendi ya ska iliyouzwa kwa jina la rege

Daftari la bendi yetu lina ukurasa mmoja nilioukunja kona. Ni wa safari ya siku tatu: Ijumaa Manyoni, Jumamosi Singida, Jumapili kurudi Dodoma na kupiga jioni kwenye bustani moja ya Area D. Mstari wa mwisho wa ukurasa huo nimeuandika kwa kalamu nyekundu: hasi 30,000. Chini yake, kwa mwandiko usio wangu, mtu kaongeza: "Na zile 87 je?"

Mimi napiga kinanda na ndiye ninayeshika hela. Msomaji ajue mapema kwamba sisimulii kama mtu wa pembeni. Sehemu ya kosa ni yangu, nitafika hapo.

Midomo ya Jumamosi

Tuko wanane. Drams, besi, gitaa, kinanda, mwimbaji ambaye ndiye dada pekee kati yetu, na wapulizaji watatu: tarumbeta, saksafoni na tromboni. Hao watatu ndio roho ya bendi, na ndio wanaoiumiza kichwa hesabu yangu kila mwezi.

Kumpata mpiga gitaa Dodoma si kazi. Ukimkosa Chang'ombe utampata Kikuyu. Ila mtu wa tromboni anayeweza kusimama saa mbili bila midomo kumlegea ni bahati, na ukimpata ujue kalelewa sehemu mbili, kanisani na harusini. Wetu wote watatu ni watu wa matarumbeta, wale unaowaona Jumamosi mchana wamejaa nyuma ya pikapu mbele ya msafara wa maharusi, mashavu yametuna, gari linatambaa na bodaboda zinapiga honi nyuma. Huko ndiko wanakopatia ugali wao. Ska ni mapenzi.

Hata huko muziki huu ulikotoka ilikuwa hivyohivyo. Ska ilizaliwa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950. Vijana wa Kingston walikuwa wakinasa redioni muziki wa Wamarekani weusi, hasa wa New Orleans, nao wakauhamishia uzito wake pasipotarajiwa. Jamaica ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, takribani miezi minane baada ya Tanganyika, ska ndiyo iliyokuwa inachezwa. Bendi yake kubwa kuliko zote, The Skatalites, iliundwa mwaka 1964, na wapulizaji wake wa mbele, Don Drummond wa tromboni na Tommy McCook wa saksafoni wakiwamo, walifundishwa kupuliza Alpha, shule ya masista wa Kikatoliki iliyolea watoto wa kimaskini. Masista walipanda, kumbi za dansi zikavuna. Mtu wetu wa tromboni nilipomsimulia hilo alicheka hadi akakohoa, akasema basi na yeye kanisa lake linamdai.

Tatizo ni kalenda. Bendi ndogo husafiri wikiendi, na harusi ziko wikiendi. Kila Jumamosi ninayomchukua mpulizaji namtoa kwenye harusi ambayo ingemlipa elfu hamsini mkononi, chakula juu. Ndiyo maana tulikubaliana, kabla hata ya kutafuta gari, kwamba wapulizaji watatu watapewa elfu hamsini hamsini kwanza, iwe jua iwe mvua. Tukaziita "fidia ya Jumamosi". Kinachobaki baada ya hapo kinagawanywa kwa sisi watano.

Nilipanga hivi. Kuingiza: Manyoni 300,000, Singida 600,000, Dodoma 350,000, jumla 1,250,000. Kutoa: Hiace 120,000 kwa siku, siku tatu 360,000; mafuta 165,000; chakula cha watu tisa pamoja na dereva, elfu kumi kwa kichwa kwa siku, 270,000; vyumba vitano Singida 75,000; fidia 150,000. Manyoni tungelala bure kwa shemeji yake mpiga drams. Jumla ya kutoka 1,020,000. Zinabaki 230,000, yaani elfu 46 kwa kila mmoja wetu watano. Karibu sawa na wapulizaji. Nilijiona mchumi kabisa.

"Ni kama rege"

Kumuuzia mtu ska kwa simu ni kazi. Mwenye baa wa Singida, mama mmoja mchangamfu niliyepewa namba yake na dereva wa basi, aliniuliza swali la haki kabisa: "Mnapiga nini?"

Nikasema ska.

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angerekodi nusu dakika ya mazoezi akamtumia. Mimi nilikuwa kwenye daladala. Nikamwandikia: "Ni kama rege mama, ila ya haraka, ina matarumbeta." Akajibu kwa kidole gumba. Kesho yake ikaingia advansi ya laki tatu, nami nikafunga mjadala.

Nilichomwandikia si uongo. Ska ndiye babu. Karibu mwaka 1966 mwendo wake ulipungua ikawa rocksteady, na ilipofika 1968 hivi ikatulia zaidi ikaitwa rege. Hata Wailers wa Bob Marley, wimbo wao wa kwanza kuvuma, mwaka 1964, ulikuwa ska, na waliopiga vyombo ni wanamuziki walewale waliounda Skatalites. Kwa hiyo undugu upo. Lakini kwetu mjukuu ndiye hurithi jina la babu. Hapa mimi nilimbandika babu jina la mjukuu, na wageni wakaja na zawadi za mjukuu.

Kwa mtu anayecheza tofauti si ndogo. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gitaa na kinanda changu vinakaa kwenye ile "na", kwa kukata. Hadi hapo rege na ska zinafanana. Ila rege inakuacha uyumbe, uinue kichwa, ufumbe macho. Ska haikupi nafasi hiyo, besi inatembea chini bila kupumzika. Ukifumba macho umepitwa na magoti yako.

Safari

Manyoni sina mengi ya kusema. Tulipita Bahi na mashamba yake ya mpunga, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku huku Hiace inalia, tukapiga kwa watu kama arobaini, wengi wao madereva wa malori. Tajiri akalipa laki tatu palepale. Shemeji wa mpiga drams alitupa magodoro na uji wa asubuhi.

Jumamosi tukaingia Singida saa nane mchana, upepo ule wake unasukuma gari. Tulipofika baa ndipo nikaliona tangazo. Limebandikwa getini, kwenye nguzo mbili za barabarani na kwenye kioo cha bajaji iliyokuwa imeegeshwa hapo. Rangi ya kijani, njano na nyekundu, simba katikati, na maandishi makubwa: USIKU WA REGE, BENDI KUTOKA MAKAO MAKUU. Neno "kama" lilikuwa limeanguka mahali fulani kati ya simu yangu na stesheneri walikochapisha.

Nilitakiwa kusema palepale. Mpiga besi alinivuta shati, akaniuliza, "Umeliona hilo?" Nikamwambia watazoea.

Wimbo mmoja, mara mbili

Tulianza saa tatu na dakika arobaini usiku. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyozoea, kama sabini. Meza tatu za mbele zilijaa vijana wenye kofia za kusuka na fulana za rangi za tangazo. Tulifungua na wimbo wetu wa vyombo vitupu, usio na mwimbaji, ambao wapulizaji watatu wanakimbizana mwanzo hadi mwisho. Huko Dodoma ndio unaotuingizia watu uwanjani.

Hapa ulipokelewa kwa ukimya. Wa pili pia. Kwenye wa tatu meza moja ikaanza: "Wekeni Bob!" Nyingine ikajibu: "Lucky Dube!" Rege tunazojua ni mbili, tulizipiga zote kabla ya saa nne na nusu, wakashangilia, kisha tukarudi kwenye zetu na wao wakarudi kwenye simu zao. Ilipokaribia saa tano kasoro, meza za mbele zilikuwa zimebaki chupa. Nilimwona mama mwenye baa amesimama kaunta, mikono kiunoni, anahesabu vichwa kama mimi.

Kisha umeme ukakatika.

Jenereta ilichukua kama dakika ishirini kuwashwa, maana aliyekuwa na ufunguo wa chumba chake alikuwa ametumwa barafu. Kinanda kimekufa, gitaa na besi vimekufa, dada yetu hana kipaza sauti. Mtu wa tromboni, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, hakuuliza mtu. Alishuka jukwaani akipuliza, wenzake wawili wakamfuata, mpiga drams akaning'iniza ngoma moja shingoni kwa mkanda wa suruali. Wakaanza kuzunguka meza gizani kama wanavyozunguka ukumbi wa harusi, wanakusogelea mpaka unausikia upepo wa tarumbeta sikioni.

Wimbo walioupiga ni uleule wa kwanza. Hawakubadilisha noti wala mwendo.

Wapishi walitoka jikoni. Akina mama wa nyumba za jirani wakaja getini na khanga zao mabegani, kisha wakaingia. Kukawa na vigelegele, watu wanamulika kwa tochi za simu, na noti zikaanza kutembea: elfu mbili paji la uso la saksafoni, elfu tano ndani ya mdomo wa tarumbeta, elfu kumi ya bwana mmoja aliyetaka wimbo urudiwe. Umeme uliporudi, jukwaa likatwaa tena kazi yake, na hali ikatulia ikawa ya wastani mpaka saa sita, muda wa mwisho kwenye kibali.

Wapulizaji walipohesabu walikuwa na 87,000.

Kaunta na gesti

Mama mwenye baa hakupiga kelele. Alinikalisha, akanipa soda, akanionyesha ujumbe wangu mwenyewe kwenye simu yake. "Mimi nimeuza rege, mwanangu. Wateja wangu wa rege wameondoka kabla ya saa tano. Hawa waliokuja baadaye wamecheza, Mungu awabariki, lakini wamekunywa nini?" Alitarajia kreti kumi na tano. Zilitoka tisa. Kati ya laki tatu zilizobaki akahesabu laki moja, akaiweka mezani, akasema hiyo ni kwa heshima ya wazee wa matarumbeta.

Nilibishana, lakini kwa sauti ya mtu anayejua. Mkataba wetu ulikuwa ni ule ujumbe, na ujumbe ulikuwa upande wake.

Nikafika gesti na pigo la pili. Nilihesabu vyumba vitano: wanaume wanane wawili wawili, dada peke yake. Mhudumu akanionyesha karatasi ukutani, wanaume wawili hawalali chumba kimoja. Mtu ninayezunguka mikoani nilipaswa kulikumbuka hilo, gesti nyingi ziko hivyo. Vyumba tisa, 135,000 badala ya 75,000.

Laki mbili za kaunta, elfu sitini za gesti. Ile 230,000 ikageuka hasi 30,000. Jumapili Dodoma tulilipwa kama tulivyoahidiwa, watu walicheza, na hakuna kati yetu aliyekuwa na furaha, kwa sababu kwenye Hiace, tangu Ikungi mpaka tunashuka tena bondeni, hoja ilikuwa moja tu: zile 87 ni za nani?

Nani abebe?

Mpiga drams alisema mama yule katudhulumu. Mpiga besi alisema Singida hawaujui huu muziki, basi. Hoja ya besi ndiyo inayosikika ya busara, na ndiyo isiyosimama. Watu walewale, baa ileile, wimbo uleule: saa tatu na dakika arobaini ulikimbiza watu, karibu saa tano ukawavuta kutoka majumbani mwao. Ni kweli waliovutwa hawakuwa hasa wale waliokimbia, na giza lilisaidia, na bia zilikuwa zimeshaingia. Hayo nayakubali. Lakini waliobaki ndani nao walisimama, pamoja na bwana wa elfu kumi, ambaye nilimwona mwenyewe mapema amegeuzia jukwaa mgongo.

Kilichobadilika ni kile walichodhani wanasikiliza. Mtu aliyekuja kusikiliza rege akipewa ska anasikia rege iliyoharibika. Mtu yuleyule, gizani, bila tangazo wala simba, alisikia matarumbeta. Na matarumbeta anayajua tangu utoto. Anajua wakikufikia unafanya nini, unasimama na unatoa noti. Hakuhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo sikubali kwamba tumedhulumiwa. Tulimuuzia mama yule kitu tusichokuwa nacho, na kile tulichokuwa nacho tukakiacha mwisho wa sentensi: "ina matarumbeta".

Suala la 87 ni gumu zaidi, maana kila upande una haki yake. Kwa desturi ya harusi, hela ya kutunzwa ni ya aliyetunzwa. Wapulizaji hawakubuni hilo kwenye Hiace. Wameishi nalo miaka. Lakini hesabu ilikaa vibaya machoni. Wao watatu, kila mmoja 50,000 za fidia na 29,000 za kutunzwa, jumla 79,000. Sisi watano, kila mmoja deni la 6,000. Mpiga drams ndiye aliyeumia kuliko wote, kwani alizunguka nao na ngoma shingoni, na hela za kutunzwa ziliingia kwenye ala za kupuliza tu.

Nilikaa na kalamu nikajaribu upande mwingine. Bila fidia, safari ileile na hasara zilezile ingebakiza 120,000, yaani elfu 15 kwa kila mmoja wa wanane. Haki tupu. Isipokuwa kwamba hakuna mpulizaji atakayeacha elfu hamsini za harusi mara ya pili kwa ajili ya elfu 15, na bila wao sisi ni watu watano wenye spika. Fidia haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuiweka juu kiasi kwamba hasara yote, hata senti ya kwanza, inaangukia mgongo mmoja. Mpango uliowapa wapulizaji hamsini na sisi arobaini na sita ulionekana sawa kwa sababu niliuangalia siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri.

Jumatatu kwenye mazoezi mzee wa tromboni alimaliza ugomvi kwa njia yake. Alitoa elfu kumi, akawatazama wenzake, nao wakatoa kumi kumi. Deni likafutika. Watu wakacheka, tukapiga. Nilishukuru, na nilikereka pia, maana heshima ya mzee ilifunika shimo bila kulifukia, na safari nyingine tungetumbukia palepale.

Baada ya wiki mbili za kubembelezana tuliandika hivi nyuma ya daftari. Fidia ya Jumamosi ni elfu 30, kisha wapulizaji wanaingia kwenye mgawo pamoja na sisi wengine, wote wanane sawasawa. Kwa hesabu za safari ile, mambo yakinyooka kila mtu anapata 36,250 na mpulizaji 66,250. Yakiharibika kama Singida, mgawo ni 3,750, hela ya chipsi, lakini hakuna anayerudi na deni. Hela za kutunzwa, nusu ya aliyetunzwa, nusu ya bendi. Mzee wa tromboni alisaini wa mwisho na hakusema kitu. Sidhani kama hilo la nusu limemkaa vizuri, na simlaumu. Vyumba vinahesabiwa kwa kichwa. Na tangazo halichapishwi kabla hatujaliona.

Juzi tulikuwa tunatafuta Jumamosi ya Kondoa. Mwenye ukumbi akauliza lile swali, mnapiga nini. Safari hii sikuandika kitu. Dada yetu alimtumia video ya sekunde arobaini aliyoichukua kwa simu kule Singida, nyeusi tupu, tochi zinayumba, matarumbeta na vigelegele.

Akarudisha sauti: "Hii si ya harusini hii?"

Nikamwambia ndiyo, nikamtajia bei ya harusi.